Shibiri na Nusu

Simu yasema kilomita elfu kumi na nne na kitu.
Hicho "kitu" ndicho kilichoninyima usingizi.
Mimi fundi. Miaka thelathini na mmoja hapa Bondeni
sijamshonea mtu suruali ya inchi thelathini na kitu.

Basi nikaazima tufe la Shebwana, mtoto wa jirani,
limevunjika mguu, hukalishwa juu ya kikombe.
Mombasa haikuenea kwenye nchi kavu;
jina letu limeandikwa baharini, herufi zaelea.
Nikachoma pini. Shebwana akafumba macho.
Pini ya pili nikaipeleka Edmonton,
pameandikwa vidogo, kama bei anayoificha muuzaji.

Nilidhani uzi utalala magharibi,
ukate Kongo, uvuke ile bahari pana, ufike.
Ndivyo isemavyo ramani ya ukutani.
Lakini uzi ukiukaza hadi ulegevu uishe
haukufichi kitu, nami nakaza nyuzi tangu sijabaleghe.
Ukateleza.
Ukapanda.
Ukaiacha Kongo, ukashika Habeshi, ukashika Misri,
ukapita Ulaya bila kubisha hodi,
ukaenda hadi kwenye weupe ule wa juu
ambako hata mchora ramani hakuwa na la kuandika,
ndipo ukateremka kwake.

Ningalijua. Kitambaa mezani ni kingine,
mgongoni pa mtu ni kingine.
Apimaye bega kama apimaye meza
hurudishiwa koti.

Nikatanua kiganja: shibiri moja na nusu, chembe ipungue.
Nikashika futi: sentimita thelathini na tatu.
Namba hiyo naijua.
Nikapekua daftari la vipimo, lile la jalada la kijani
lililoliwa pembe na mende:
Mwanakheri. Shati la shule, darasa la nane. Shingo, 33.

"Sasa umeshapima," akasema Bishara kutoka jikoni,
"amefika?"

Mke wangu ana hesabu yake.
Ndege tatu. Usiku mmoja wa kulala kitini,
viatu kavivulia begani ili visiibwe.
Chupa mbili za achari: moja ikamwagikia blanketi,
ya pili ikatupwa na askari wa forodha
ambaye Bishara hajamsamehe, na akhera atamdai.
Ndege ya moja kwa moja haipo.
Ile namba ya simu hakuna aliyewahi kuisafiri;
labda kunguru, tena kunguru asiye na njaa,
na kunguru wa namna hiyo Bondeni hatuna.

Nikalala. Nikaamka saa kumi na moja, nikatawadha.
Hapa kwetu kibla ni kaskazini, wima, haipindi;
mtoto huijua kabla ya kujua mkono wake wa kulia.
Nikiwa nimekwisha kufunga sala, shetani akaniletea sauti yake,
ile wiki yake ya kwanza, akicheka:
"Baba, na huku twaelekea kaskazini, upande wa barafu.
Nilidhani simu imeharibika."
Nami nikamwambia, kwa ukali, aulize vizuri.

Alfajiri yangu, msimu huu wa baridi yao,
ni saa moja yake ya usiku. Isha.
Yeye kaskazini. Mimi kaskazini.
Na dunia ni mviringo, kama vichwa ninavyovishonea kofia.

Nusura nikosee rakaa.

Kumbe hatujapeana mgongo.

Bishara nilimweleza asubuhi, kwa uzi na chungwa.
Akaliangalia chungwa muda mrefu,
akalimenya, akanipa nusu.

Tufe nimelirudisha na matundu yake mawili;
nimemwahidi mwenyewe kaptula, bila malipo, ya mifuko minne.
Ule uzi nimebaki nao.
Unatosha kifungo kimoja.